Kila mzazi anakubali, mpaka uhesabu wako wangapi darasani

Miaka yote nimefundisha hapa Mombasa, skuli za serikali kwanza alafu za praiveti, hakuna mzazi hata mmoja alonambia kwa mdomo wake kwamba hataki mtoto wake asome na mtoto wa rangi nyingine. Muulize Mhindi, Mwarabu, Mswahili, Mgiriama, mtu wa bara, wote watakwambia watoto ni watoto, sote ni wa Mungu mmoja, Kenya ni yetu sote. Na wanasema kwa roho safi, mimi siamini kama wanadanganya. Shida inakuja ukianza kuhesabu vichwa. Mtoto mmoja wa rangi nyingine kwenye klasi hana neno, watano pia sawa, wakikaribia nusu utaona watu wanaanza kuulizia fomu za skuli nyingine, na hapo ndo utasikia "mazingira", utasikia "levo imeshuka", utasikia "nidhamu siku hizi hakuna", na neno rangi halitatajwa hata mara moja.

Naandika haya kwasababu kila mwezi wa kumi na moja mzazi atanipigia simu, ticha nipe skuli nzuri ya mtoto, na mazungumzo yanakua yale yale, na mimi nimechoka kujibu nusu nusu.

Babangu alizaliwa hapa hapa Mombasa kabla ya uhuru na akasoma skuli ya Waafrika. Wakati wao skuli zilikua mafungu manne, Wazungu zao, Wahindi zao, Waarabu zao, Waafrika zao. Watu wengine husema zamani kila mtu alipenda kukaa na wenziwe, ndo maana. Sio kweli, ule ulikua mpango wa serikali. Mwaka 1909 kulikua na ripoti ya mtu anaitwa Fraser, aliyeitwa na serikali ya kikoloni kuipangia elimu, na mpango wenyewe ulikua kila rangi iwe na skuli zake, Mzungu na Mhindi wapewe masomo ya kitabu, Mwafrika afunzwe kazi za mikono. Pesa zikafuata mpango huo. Wahindi wenye uwezo wakajiongezea za kwao, ndo ukaona skuli kubwa kama Allidina Visram, ambayo imepewa jina la yule tajiri aliyefariki 1916 na mtoto wake ndie aliyeijenga kwa kumbukumbu ya babake. Mahali pekee ambapo mzee anasema aliwahi kuona vijana wa rangi tofauti wakitoka kwa geti moja na vitabu ni MIOME, ile taasisi ya Waislamu ambayo saa hii ni Technical University of Mombasa, na pale kilichowaweka pamoja ni dini.

Kitu ambacho babangu anakirudia mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeona ajabu. Yeye kila asubuhi alikua akipita nje ya ukuta wa skuli ya Wahindi akienda kwenye skuli yao, ambayo ilikua mbali zaidi na madarasa hayana vioo, na anasema hakuwahi kujiuliza mbona asiingie hapa karibu. Mamake hakujiuliza. Mwalimu wake hakujiuliza. Na wale waliokua ndani pia, wazazi wao walikua watu wa heshima, wanasalimiana na nyanyangu sokoni, wanampa vitu kwa mkopo dukani, lakini skuli ni skuli. Maoni ya watu yalikua yameshakaa sawa na ule ukuta.

Alafu uhuru ukaja, ikaundwa ile tume ya elimu ya Profesa Ominde, na ripoti yake ya 1964 ikasema wazi kwamba elimu ya Kenya huru ni moja na kubagua watoto kwa rangi mashuleni kuishe. Mzee anapenda kusisitiza kwamba hakuna aliyezunguka mitaa ya Mombasa kuuliza wazazi, je, mko tayari? Wangeulizwa wangesema bado. Geti lilifunguliwa kwanza, watu wakazoea baadae, na wengine hawakuzoea lakini watoto wao wakazoea.

Mimi ni wa kizazi cha hao watoto. Nimesoma skuli ya serikali ambayo zamani ilikua ya wasichana wa Kihindi, na mwanzo wa miaka ya 80 klasi yetu ilikua na kila aina, Wahindi bado wengi tu, Waarabu wa Mji wa Kale, Wabajuni, Wamijikenda kama mimi, Waluo na Wakamba ambao baba zao wanafanya bandarini na reli. Dawati langu nilikaa na msichana wa Kigujarati. Alikua akija na chapati za methi zimekunjwa na achari ya embe ndani ya kopo la bati, mimi nakuja na muhogo wa kuchemsha au mahamri ya jana, na saa ya breki tunagawana kabla hata kengele haijamaliza kulia. Tukiruka kamba tulihesabu kwa Kigujarati, ek, be, tran, char, na hata wale wasioelewa lugha walihesabu hivo hivo. Lakini nyumbani kwao nilikua nasimama chini kwenye ngazi. Yeye anapanda, anachukua kitu, anashuka, tunaondoka. Hakuna aliyenikataza kupanda, hakuna aliyenikaribisha.

Kilichobadilisha ni mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 (primari miaka minane, sekondari minne, chuo minne) ulipoingia 1985 Kiswahili kikawa lazima, kinatahiniwa kwa kila mtoto wa primari, na ghafla kila nyumba ya Kihindi ina mtoto ambae insha ya Kiswahili itamuangusha. Kiswahili cha mtaani walikua nacho wote, wanaongea vizuri kuliko watu wa Nairobi, lakini insha na ngeli na methali ni kitu kingine. Mamake yule rafiki yangu ndie aliyenitumia salamu, mwambie mwenzio aje Jumamosi msome pamoja. Nikapanda zile ngazi. Nikafanya hesabu na yeye, yeye akafanya insha na mimi, mamake anatuletea chai ya tangawizi na ganthia, na baada ya muda nikawa nikikosa Jumamosi moja anauliza kwani mgonjwa. Hajawahi kukaa akahubiriwa kuhusu usawa. Alinihitaji, alafu akanijua, na katika hiyo kunijua kitu ndani yake kikasogea. Nimekuja kuona hivi tena na tena kwenye kazi yangu, na ndio maana siamini sana kwenye hotuba za siku ya amani.

Sasa 2003. Serikali ya NARC ikafanya elimu ya msingi kuwa bure na mimi nilikua nafundisha skuli ya serikali hapa kisiwani. Ilikua siku ya furaha, sitaki mtu anielewe vibaya, kuna watoto waliingia darasani mwaka ule ambao wangekua wakiuza maji mpaka leo. Lakini serikali ilifungua milango bila kuongeza vyumba wala walimu wa kutosha, dawati la watatu likawa la watano, unasahihisha madaftari mpaka usiku. Na wenye uwezo wakaanza kuondoka. Wahindi waliobaki walitoka kwanza, kimya kimya, muhula huu wawili, muhula ujao mmoja, alafu Waarabu wenye biashara, alafu Waafrika wenye kazi nzuri, alafu sisi walimu wenyewe tukaanza kupeleka watoto wetu akademi. Hakuna aliyesema anakimbia rangi ya mtu na wengi kweli hawakukimbia rangi, walikimbia msongamano. Lakini matokeo ni kwamba ndani ya miaka michache skuli ambayo mimi nilihesabia ek be tran char haina mtoto hata mmoja wa kuhesabu hivo. Ominde alipata ile sheria yake, na karo ikafanya kazi ambayo sheria ilikatazwa kuifanya.

Baadae nikaajiriwa praiveti, skuli iliyoanzishwa na jamii moja ya Wakenya wenye asili ya Asia na ikafungua milango kwa wote, jina lake silitaji. Skuli nzuri, na mimi nimejifunza mengi pale. Mwanzoni watoto Waafrika walikua wachache kwa kila klasi, wa daktari, wa meneja wa bandari, na wachache wa basari wenye akili kali kutoka Kisauni na Likoni. Kila mtu alifurahi. Picha za kalenda ya skuli lazima watoto wa rangi zote wawe mbele. Wazazi walijivunia kabisa, walikua wakileta wageni waone. Alafu ugatuzi ukaja, kaunti zikaanza 2013, watu wengi wa bara na wa pwani wakapata kazi za maana na mishahara ya kulipa karo, na kila mwaka ile namba ikawa inapanda. Hapo ndo nikaanza kusikia yale maneno.

Kuna mkutano wa wazazi siwezi kuusahau. Alisimama baba mmoja, mtu mwema, na hii naisema kwa uhakika kwasababu yeye mwenyewe alikua analipia watoto wawili wa basari mfukoni mwake na hakutaka wajue. Akasema, "Walimu, sisi hatuna shida na mtu yeyote, lakini skuli isipoteze asili yake." Watu wakatikisa vichwa. Nyuma akainuka mama mmoja Mtaita, kwa upole kabisa, akauliza, "Baba, na asili yenyewe ni ipi, manake mimi nalipa karo ile ile unayolipa wewe?" Hakujibiwa. Mwenyekiti akapeleka watu kwa ajenda ya basi. Muhula uliofuata fomu ya kujiunga ikawa na interviu ya wazazi, sio ya mtoto, ya wazazi, na hakuna aliyeandika mahali popote interviu hiyo inapima nini.

Nimemfikiria sana yule baba. Alikua anawapenda wale watoto wawili. Kumpenda mtoto mmoja unayemsaidia ni rahisi kwasababu yeye ni mgeni wako na wewe ndie mwenye nyumba. Watoto wakiwa nusu ya darasa hawawi wageni tena, wana haki ya kusema chakula cha kantini kiwe na ugali, wana haki ya kuwa hedboi, wazazi wao wana haki ya kiti kwenye bodi. Hapo ndo penye kazi, na pale kwenye wachache hatujafika kazini bado.

Dadangu mdogo anaishi Boston na yeye ndie aliyenifungua macho kwamba hili sio la Mombasa peke yake. Mtoto wake anasoma kwa mpango unaitwa METCO, ulioanza 1966, uliopiganiwa na wazazi weusi wa pale na wanaharakati kama Ruth Batson, ambapo watoto wa mjini wanapandishwa basi kupelekwa skuli za vitongoji ambavyo wakazi wake wengi ni weupe. Mpwa wangu anaamka gizani kila siku kuwahi hilo basi. Nikamwuliza dadangu, kwani Marekani si walimaliza mambo haya 1954 na ile kesi ya Brown, mahakama yao ya juu kabisa ikasema kutenganisha watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba? Akacheka akanambia dada, hapa Boston wenyewe, mji wa wasomi, 1974 jaji Garrity alipoamuru watoto wachanganywe kwa mabasi, watu walirushia mawe mabasi yenye watoto wadogo ndani.

Nikaanza kusoma. Wamarekani wamekua wakiulizana maswali haya kwa kura za maoni tangu zamani. Mwaka 1942 weupe waliosema watoto weupe na weusi wasome skuli moja walikua kama 30 kwa mia. Kufika katikati ya miaka ya 80 walikua zaidi ya 90. Ukiangalia hiyo peke yake utasema kazi imekwisha. Lakini miaka hiyo hiyo ukiwauliza kuhusu mabasi, yaani njia yenyewe ya kuwachanganya, wengi walikataa. Na kuna kura nyingine ya Gallup ambayo kwangu ndo imesema yote, waliwauliza wazazi weupe wa kusini kama wangekataa mtoto wao asome na watoto weusi wachache, mwaka 1963 karibu 60 kwa mia walisema wangekataa, kufika 1970 ni chini ya 20. Miaka saba tu! Na hawakubadilishwa na mahubiri, katikati hapo kulikua na sheria ya haki za kiraia ya 1964 na mahakama zilizoacha mchezo, watoto wakaingia madarasani, wazazi wakaona mbingu haijaanguka. Sawa na vile mzee wangu anasema ya hapa kwetu. Lakini hao hao wazazi wakiulizwa, je, wakiwa zaidi ya nusu ya skuli? Wengi wakarudi kukataa. Niliposoma hapo nilimuona yule baba wa mkutano wetu kabisa.

Na sitaki mtu asome hapa aseme basi Wahindi ndo wabaya. Mimi nimekaa kwenye stafu rumu na kwenye baraza za huku kwetu, najua tunayosema. Watoto wetu wanamwita mwenzao "kalasinga" na hata sio Singa, mwalimu anasikia anapita. Wazazi wetu wanasema hao wanajiona, hao wananuka vitunguu, mtoto wangu asizoee nyumba zao. Na kwenye mitaa ya Waislamu wa asili ya hapa, mtoto wa Kigiriama au Kiduruma akiwa wa kwanza darasani utasikia neno "mnyika", yaani mtu wa porini, na neno lile limebeba dharau ya enzi za utumwa, pwani hii sheria ilitambua utumwa mpaka 1907, sio zamani hivo, nyanyake babangu alikua hai. Mmakonde wa Kwale alisubiri mpaka 2017 kuhesabiwa kabila la 43 na Wakenya wa asili ya Asia wakawa la 44 mwaka huo huo, baada ya vizazi na vizazi kuzaliwa hapa. Tukiwaambia watu kwa miaka yote hiyo kwamba wao ni wageni tusishangae wakijenga skuli wakaweka geti. Nalisema hili na bado nasema lile geti halifai.

Nimejaribu vitu darasani. Kupanga watoto kukaa mchanganyiko kunasaidia masomo lakini breki ikifika wanarudi makundi yao, hususan kuanzia darasa la nne hivi, wale wadogo kabisa hawajali. Kilichofanya kazi zaidi ni mambo yanayochukua muda mrefu na ambayo mtoto hawezi kuyafanya peke yake, mashairi ya tamasha la muziki, timu ya hoki, gazeti la ukutani. Kikundi changu cha shairi walikua wakifanya mazoezi muhula mzima, wanajua nani husahau ubeti wa tatu, nani hulia akikemewa, na hao ndo niliowaona wanapigiana simu mpaka likizo.

Lakini wazazi ndo wagumu zaidi ya watoto. Angalieni kadi za bathdei. Mtoto anakuja na kadi kwenye begi, anagawa mwenyewe, na unaona anaruka madawati. Sio kwamba ametumwa na roho mbaya, orodha ameandikiwa nyumbani. Nikamwona kijana mmoja wa basari anajifanya anatafuta kitu chini ya dawati mpaka ugawaji uishe. Nikaweka sheria kwa klasi yangu, kadi ni za darasa zima au zigawiwe nje ya skuli. Nilipigiwa simu na kina mama wa kila rangi kunilalamikia, lakini wengi waliona taabu kualika nje wakaita wote, na ndo siku za kwanza kabisa baadhi ya wale wazazi kukaa meza moja, wanangoja keki, wanaulizana dereva wa basi mbona anachelewa. Na group ya WhatsApp vile vile, ilikuwepo moja rasmi ya wazazi wote na nyingine ya pembeni ambayo ndo mambo yote yanaamuliwa, tyusheni nzuri iko wapi, ticha gani anaondoka. Nilipojua nikaanza kuweka kila kitu cha maana kwenye ile ya wote kwanza. Ile ya pembeni haikufa, ila ilipoa.

Kwahivyo nikiulizwa sasa hivi skuli nzuri ni gani sijibu kwa jina. Namwambia mzazi usiende siku ya maonyesho, nenda siku ya kawaida saa ya breki usimame pale kantini uone nani anakula na nani. Uliza walimu wa rangi tofauti wako wangapi na kama kuna yeyote kati yao ni mkuu wa idara, au wote ni wa Kiswahili na mazoezi ya viungo. Uliza bodi ina kina nani. Uliza kama interviu ni ya mtoto au ya wewe, na kama ni ya wewe waambie wakuonyeshe kwa maandishi wanatafuta nini. Na kama mtoto wako tayari yuko kwenye skuli na unaona wengine wanaongezeka na moyo unaanza kukuambia mazingira yamebadilika, kaa na yule mzazi mpya kwanza, muulize mtoto wake anashindwa somo gani na wa kwako anashindwa gani, muwaweke pamoja Jumamosi, alafu ndo uje unieleze habari za levo.